Kiti cha Tatu

Mama yangu hakuiogopa mahakama hata siku moja. Alichokiogopa ni mvua za kwanza kumkuta hana pa kupanda, na kwa misimu kadhaa zilimkuta hivyo hivyo. Shamba lake lilikuwa Maposeni, udongo mwekundu usio na ubahili, na kwenye kona ya juu, karibu na nyumba, ndipo alipozikwa baba. Matanga yalipokwisha, mdogo wake baba alikuja akasema shamba ni la ukoo na mjane ni mpita njia. Mama akamjibu kwamba mpita njia hang'oi visiki. Tangu hapo hawakusemezana tena isipokuwa mbele ya hakimu.

Mahakama ya mwanzo mama alishinda. Ya wilaya akashinda. Mahakama kuu akashindwa, na jaji aliyeandika hukumu ile aliiandika kwa upole, jambo lililonikera zaidi, maana mtu akikunyang'anya kwa upole huna hata pa kuanzia kugomba. Mimi ndiye niliyemwambia mama akate rufaa. Nilimwambia tutashinda, na leo nasema bila kupepesa macho kwamba tungeshinda. Nilizisoma hukumu zote tatu mpaka karatasi zikalainika, na ile ya tatu ilikuwa na shimo ambalo hata ng'ombe angepita.

Tabu ilikuwa moja. Mahakama iliamuru kwamba mpaka rufaa isikilizwe, asilime mtu. Si mama, si baba mdogo. Nyumba ikatiwa kufuli, shamba likaota magugu, na mama akahamia kwangu mjini Songea, upande wa Matogoro. Mle ndani alikuwa kama mgeni asiyejua aondoke lini. Alikodi kijishamba Mshangano, akakilima bila moyo, akisema udongo wa watu haukujui.

Na ilikuwa miaka mibaya ya kuwa na shamba lililofungwa. Ilikuwa miaka ya ruksa. Sabuni ilikuwa imerudi madukani, chumvi haikutafutwa tena kwa kujuana, na malori ya watu binafsi yalikuwa yanaingia Songea kununua mahindi bila kupitia ushirika. Mimi mwenyewe nilikuwa karani wa ushirika mpaka nilipopunguzwa. Sikulia. Nilichukua kiinua mgongo changu, nikanunua belo la mitumba, nikaanza kuuza makoti sokoni, kwa kuwa Songea ina baridi na mimi nina sauti. Mama alikuwa akija kukaa nyuma ya meza yangu, anayatazama malori yanapita yamejaa mahindi ya wenzake, anasonya.

"Hao majaji wako wanakuja lini?" ananiuliza.

Walikuwa wangu siku walipochelewa tu.

Hatimaye walikuja. Majaji wa rufani hawakukaa kwetu; walikuwa wakizunguka nchi kwa vikao, na zamu ya Songea ilipofika niliifunga meza yangu nikamvalisha mama kitenge kipya. Njiani nilimweleza kwamba rufaa haisikilizwi na jaji mmoja, husikilizwa na jopo la watatu, ili wakitofautiana pawe na wawili wa upande mmoja. Mama alilielewa hilo upesi kuliko nilivyolieleza.

"Kama mafiga," alisema. "Mawili hayashiki chungu."

Tuliingia, tukasimama walipoingia, na kabla hatujaketi mama alinibana mkono. Jaji wa tatu, aliyekaa kushoto, alikuwa yule yule aliyemnyang'anya shamba kwa upole. Alikuwa amepandishwa. Kiti kimoja cha rufani kilikuwa kimekaa wazi muda mrefu, akateuliwa yeye kukijaza, na sasa alikuwa Songea na joho lake jipya.

Shauri letu lilipoitwa alifungua jalada, akamwinamia mwenzake wa katikati, kisha akasema kwa sauti ya kusikika kwamba yeye ndiye aliyeliamua shauri hili chini, hivyo hawezi kulisikiliza juu. Akainuka akatoka. Nilitaka kumchukia, lakini kwa hilo sikuweza. Jambo alilofanya lilikuwa la haki kabisa, na haki yake hiyo ikatuacha na majaji wawili, na wawili hawaketi. Tukaahirishwa. Mashauri mengine yote ya kikao kile yakasikilizwa na watatu wale wale. Letu tu ndilo lililokosa mtu.

Hapo ndipo nilipojua jinsi kiti kitupu kinavyotembea. Walikijaza kule juu, na sisi huku tukatobokewa.

"Kwa hiyo yeye akipanda cheo, mimi sipandi mahindi," alisema mama tulipokuwa tunashuka ngazi. Alicheka mwenyewe. Mimi sikucheka.

Karani wa mahakama, kijana mstaarabu, alitufariji kwamba kikao kijacho ataletwa jaji mwingine wa kubadilishana kwenye shauri letu. Nikamwamini. Kikao kilipokaribia nikaenda kuuliza. Akaniambia kwa masikitiko kwamba yule wa kubadilishana amestaafu kwa umri, na nafasi yake haijajazwa. Majaji ni wachache, nchi ni kubwa, watakaokuja ni watatu wale wale. Tungoje mpaka wa tatu wetu apatikane.

Nilirudi nyumbani nikasema kila neno lililonijia kinywani. Mama alinisikiliza huku anachambua maharage.

"Kwa hiyo kinachokosekana ni mtu mmoja?"

"Mmoja tu, mama."

"Basi si jambo kubwa," alisema, akaendelea na maharage yake.

Lazima niseme hapa jinsi wazee wa kijiji chetu walivyokuwa wakikaa baraza, maana bila hilo mtu atamwona mama mjinga, na mama hakuwa mjinga. Kijijini, shauri lilikaliwa na wazee watatu. Mmoja akifa au akiugua, wazee waliobaki hawakuchagua mwenzao. Walisema tu, "Tumepungua," wakaenda nyumbani. Kumtafuta wa tatu ilikuwa kazi ya wenye shauri wenyewe. Na hakufuatwa na upande mmoja, kwa sababu mzee aliyefuatwa na upande mmoja ni wa upande huo. Wagomvi walikwenda wote wawili, njia moja, mlango mmoja, wakaomba kwa pamoja. Wapo waliokwenda wakitembea pande mbili za barabara ili wasigusane, lakini walikwenda.

Mimi nililijua hilo tangu utoto. Halikunijia kabisa kichwani kwamba mama angelitumia kwa majaji.

Siku chache baadaye aliniaga anakwenda Maposeni kusalimia. Akarudi jioni amechangamka, akakifua kile kitenge. Sikuuliza.

Siku ya kikao nilitangulia mjini kufungua meza kidogo kabla ya saa ya mahakama. Nilipofika mahakamani nilimkuta mama ameketi kwenye benchi la nje. Kushoto kwake alikuwa baba mdogo, ambaye kwa miaka yote ile hakupata kukaa naye karibu hata kanisani. Katikati yao alikaa mzee wa Kitunduru.

Mzee huyu tulimjua sote. Alikuwa Myao, mfanyabiashara aliyeanza na korosho kwao Tunduru, kisha akaja kufungua duka la chumvi, mafuta ya taa na kanga hapo mjini, na wakati wa mavuno alinunua mahindi vijijini. Alikuwa mkali, mwenye kununa, na alikuwa amegombana na ukoo wa baba na ukoo wa mama kwa kiasi kilicho sawa. Siku hiyo alivaa kanzu iliyopigwa pasi na koti la suti. Koti lilitoka mezani kwangu, nililitambua.

"Shikamoo mzee," nilisema.

"Marahaba. Mama yako na shemeji yake wamenifuata pamoja niwe wa tatu. Nimefunga duka. Wanaingia saa ngapi wenzangu?"

Nilimvuta mama pembeni. Nilimwambia, kwa ukali ambao sikupata kumwambia nao, kwamba atatutia aibu, kwamba jaji haokotwi, kwamba shauri letu la miaka yote litachekwa mji mzima. Akanitazama kwa utulivu.

"Shemeji amekubali. Mimi nimekubali. Wewe ndiye unayekataa, na wewe huna shauri."

Tukaitwa.

Jaji wa katikati, mtu mzima mwenye miwani minene, alitangaza kwamba jopo la shauri letu halijatimia. Kabla hajamaliza, mama alisimama.

"Waheshimiwa, shikamooni."

Watu wakacheka. Jaji hakucheka.

"Marahaba, mama."

"Tumesikia mwenzenu hapatikani. Kwetu mzee akikosekana, wenye shauri ndio wanaomtafuta. Tumemleta huyu. Si wa ukoo wangu wala wa shemeji. Hata dini yetu si moja. Hatudanganyi wala hadanganyiki."

Sasa kicheko kilijaa chumba kizima. Nilitamani sakafu ipasuke. Jaji aliinua mkono, kukawa kimya, akamtazama baba mdogo.

"Na wewe, mjibu rufaa, unamjua mzee huyu?"

Baba mdogo alisimama, kofia mkononi. "Nilikwenda naye kumfuata, mheshimiwa. Mguu kwa mguu."

Jaji alivua miwani. Akamweleza mama, taratibu kama mtu anayemweleza dada yake, kwamba kiti kile hakijazwi na wenye shauri. Anayekikalia huteuliwa na kuapishwa, na mtu mwingine akiketi pale, kila watakaloamua litakuwa bure.

"Hata akiwa mtu mwema?" aliuliza mama.

"Hata akiwa mwema kunizidi mimi." Akavaa miwani yake. "Lakini nikwambie, mama. Nimesikiliza rufaa nyingi. Sijapata kuona pande mbili zinaniletea mtu mmoja. Kama mmeweza kukubaliana juu ya huyu, sijui mnanihitaji mimi kwa lipi. Sheria haiwakatazi kupatana. Mkipatana, mwoneni msajili wa mahakama."

Shauri likaahirishwa.

Huko nje mzee wa Kitunduru alikuwa amefura. "Tangu asubuhi nimefunga duka, wallahi, sasa naambiwa sifai?" Akaanza kuondoka, kisha akageuka. "Mnasubiri nini? Njooni."

Tulimfuata mpaka dukani. Alifungua milango, akaketi juu ya gunia la chumvi, akawaonyesha mama na baba mdogo viti viwili vya mbao. Mimi nilibaki nimesimama, na nilikuwa nimekusudia kubaki hivyo.

"Nimeitwa niwe wa tatu," alisema. "Wa kwanza na wa pili wako wapi?"

Mama akamtazama shemeji yake.

"Ni ninyi. Mama, wewe wa kwanza. Bwana, wewe wa pili. Mkikubaliana ninyi wawili, mimi sina neno, nauza chumvi yangu. Mkitofautiana, neno langu linaamua. Na mjue mapema, mimi namwogopa Mwenyezi Mungu kuliko ninavyowaogopa ninyi."

Hapo sikuweza kunyamaza. "Mzee, mtu hawi jaji wa kesi yake mwenyewe. Hata mtoto anajua."

"Binti, wale wasio na kesi umewangoja muda gani?"

"Nitawangoja tena. Mama ana haki ya shamba zima, si kipande."

"Shamba zima!" Mama aligeuka kunitazama, na kwa mara ya kwanza katika mambo yote yale niliona macho yake yamelowa. "Shamba zima halijanipa hata debe moja tangu lini? Mwanangu, wewe una miaka ya kungoja. Mimi nina misimu, na siijui imebaki mingapi."

Ilinichoma.

Baba mdogo alikuwa anaizungusha kofia yake. "Shemeji," alisema, "tatizo langu halikuwa wewe." Akanielekezea kidevu. "Ni huyu."

"Mimi?"

"Wewe. Siku hizi kila kitu ruksa. Nimeona watu Mshangano wameuza mashamba ya baba zao kwa mabati na redio. Mama yako atakufa, utarithi wewe, na wewe ni mtu wa sokoni, unauza mpaka makoti ya wafu wa Ulaya. Siku moja nitakuja kumwekea kaka yangu maua, nikute wigo wa mtu nisiyemjua."

Nilimsogelea. "Kwa nini hukuniuliza?"

"Ningekuuliza vipi? Tulikuwa kwenye kesi."

Alilisema bila mzaha, na lilikuwa kweli tupu. Miaka yote tulikuwa tumeandika viapo, majibu ya viapo na majibu ya majibu, na hakuna karatasi hata moja iliyokuwa na swali lile.

"Baba mdogo," nilisema, "mimi nauza makoti. Siuzi baba."

Mteja mmoja aliyekuja na chupa ya mafuta ya taa alisimama mlangoni, akaona nyuso zetu, akarudi nje. Mzee wa Kitunduru alipiga goti lake kwa kiganja.

"Amesema. Nani hakusikia?"

Baada ya hapo mambo yalikwenda upesi. Nyumba, kaburi na sehemu ya juu vikawa vya mama. Sehemu ya chini, kijitoni, ikawa ya baba mdogo. Niliwaambia, na nasema mpaka leo, kwamba sehemu ya chini ndiyo bora, udongo wake haukauki. Mama alinijibu tukiwa njiani kurudi kwamba anajua, yeye ndiye aliyeilima. "Mtu amekuja na wewe mguu kwa mguu, hurudi ukampa changarawe."

Tukaenda kwa msajili, mama akaiondoa rufaa yake. Mzee wa Kitunduru hakutaka shukrani. Alitaka tu ijulikane kwamba koti lile lilimbana mabegani.

Msimu ule mama alipanda. Mbolea ilikuwa imepanda bei mpaka watu wanaitazama tu dukani, lakini baba mdogo alimletea samadi, akaimwaga kwenye mpaka bila kubisha hodi. Mahindi mabichi yalipokuwa tayari mama alikuja nayo mjini, debe zima, akalitua katikati ya makoti yangu, akaketi juu ya belo, akapumua. Sijapata kumwona mtu ametosheka namna ile.

Mimi sikutosheka, na siombi radhi. Kiti kile kilipojazwa baadaye sisi hatukuwa na shauri tena, na hakuna jaji wa rufani aliyepata kuandika, katika hukumu yenye jina la mama, kwamba mjane si mpita njia. Mjane wa pili aliyeporwa Maposeni alianzia chini kabisa, mahakama ya mwanzo, kana kwamba mama hakuwahi kusimama popote. Hiyo ndiyo bei ya kiti kitupu, na hulipwa na mtu ambaye hata hayumo kwenye jalada. Kama jopo letu lingetimia tungeshinda, tena kwa kauli ya wote watatu.

Mama alipata misimu kadhaa. Aliugua muda mfupi, akafariki katika nyumba yake, tukamlaza kando ya baba. Siku ya kumaliza matanga wazee wa ukoo waliketi uani kwenye benchi refu kuzungumzia mali ya marehemu. Mzee wa Kitunduru alikuja na sukari ya rambirambi, akapewa nafasi mwishoni mwa benchi, kando ya baba mdogo. Wanawake tuliketi kwenye mikeka, kama desturi.

Mkubwa wa ukoo akauliza sehemu ya juu inakwenda wapi, sasa kwa kuwa mjane hayupo. Watu wakamtazama baba mdogo. Mimi pia. Kwenye mkoba wangu zilikuwamo hukumu mbili za mahakama zilizompa mama ushindi, na nilikuwa nimekwisha kuvuta pumzi ya kuanza kugomba.

Baba mdogo alivua kofia yake.

"Jambo hili tuliliamua watatu," alisema. "Mmoja ametangulia. Tumebaki wawili, na wawili hawaketi."

Mtu mmoja wa ukoo akasema basi ukoo utafute wa tatu. Baba mdogo akatikisa kichwa. Akasogea kwenye benchi, akampigia mzee wa Kitunduru ishara naye asogee, mpaka pakawa na nafasi kati yao. Akaipangusa kwa kiganja.

"Njoo ukae, mwanangu."

Nilitoka mkekani nikapita mbele ya watu wote, nikakaa. Ubao ulikuwa bado na joto lao.

Mzee wa Kitunduru akakohoa. "Haya," alisema. "Wa kwanza, tunakusikiliza."